Risasi ya pili

Shemeji yangu alifika nyumbani Jumapili moja ya mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi bado imeshika vidole, akiwa na picha nne za bunduki kwenye simu yake. Karatasi zake zilikuwa tayari. Alikuwa amezihangaikia karibu mwaka mzima, maana silaha na kibali cha kuwinda si vitu vya kununua kama baiskeli, na sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 iliweka masharti ambayo hayarukwi. Sasa alitaka jibu moja tu: anunue ipi? Aliuliza inafika mbali kiasi gani, ina nguvu kiasi gani, darubini ipi inaikaa vizuri. Swali ambalo mimi nilifundishwa kuanza nalo hakuliuliza, kwa hiyo kabla ya kutazama picha hata moja nikamsimulia habari ya nguruwe.

Ilikuwa mwezi wa tatu, miaka mingi iliyopita, upande wa barabara ya Kasenga. Mahindi yamekomaa, mvua bado inanyesha karibu kila alasiri, na nguruwe-mwitu walikuwa wanaingia shambani usiku na kuangusha mistari mizima. Nilikuwa na Mjomba, aliyekuwa fundi wa chuma kwenye karakana ya reli hadi alipostaafu, mtu aliyewinda kwa kibali tangu ujana wake. Yeye alibeba FN yake ya zamani, bunduki ya Kibelgiji. Mimi niliazimwa bunduki mpya, nzuri kwa macho, nyepesi, ambayo chapa yake sitaitaja. Jioni, kwenye ukingo wa matete, dume alitokea kama hatua sitini kutoka kwangu. Nikapiga. Nilisikia risasi ikimwingia, sauti ile nzito ya kofi kwenye gunia la mahindi. Akapepesuka, akageuka, akasimama ubavu mzima mbele yangu, na nikainua komeo la bunduki na kulivuta nyuma ili nimmalize.

Komeo lilikuja. Ganda halikuja. Nilichungulia ndani nikaona mdomo wa chemba, kile kitundu cha nyuma ya mtutu risasi inapokaa, bado umezibwa na kitako cha shaba, na kucha ndogo ya kuvutia ganda ilikuwa imeteleza juu ya ukingo wake. Nikasukuma tena, nikavuta tena, patupu. Nguruwe aliingia kwenye matete. Tulimfuata saa mbili, Mjomba mbele akisoma damu kwenye majani kwa tochi, mimi nyuma na bunduki iliyokuwa sawa na fimbo. Tulimkuta amelala chini ya kichuguu, bado anapumua, na alipotuona aliinuka kuja. FN ilipiga mara mbili, haraka, kiasi kwamba sikusikia komeo likifanya kazi katikati. Mjomba hakunigombeza. Alipangusa uso wake, akasema, “Mwana, sasi ya kwanza ni ya kila mutu. Ya pili njo yako.”

Mateso ya mnyama yule sijayasahau, na kila ninalolisema kuhusu bunduki limetoka pale. Bunduki ya kuwinda ya komeo, ile ambayo unainua mkono wa chuma pembeni, unavuta nyuma, unasukuma mbele, unashusha, karibu zote hupiga risasi ya kwanza vizuri. Umeiweka mwenyewe ukiwa umetulia, mikono mikavu. Ya pili unaiweka ukiwa na hofu, kwa mikono yenye jasho na matope, baada ya moto wa ile ya kwanza kulipanua ganda na kulibana kwenye kuta za chemba. Hapo ndipo bunduki hupimwa.

Siku iliyofuata Mjomba alilitoa lile ganda kwa kulisukuma na ufito kutoka mdomo wa mtutu, akaniwekea mezani pamoja na mkanda wangu wa risasi. Mkanda ulikuwa wa ngozi, na nilijivunia. Risasi zilikuwa zimekaa kwenye vitanzi vyake mvua zote za mwaka ule. Alizichomoa moja moja, na kila moja ilikuwa na pete ya kijani katikati, mahali ngozi ilipoishika, kijani kilekile cha malakiti ambacho mtoto yeyote wa Katanga anakijua. Ganda la risasi ni mchanganyiko wa shaba kama sehemu sabini na zinki sehemu thelathini. Sisi tunaishi juu ya vitu hivyo viwili: mgodi wa Kipushi, hapa karibu, ulisimama mwaka 1993 na kurudi kazini 2024 kwa ajili ya zinki. Tunajua shaba ikikutana na unyevu na asidi inageuka nini. Dawa za kulainishia ngozi zina asidi. Ile pete ya kijani ilikuwa imenenepa, ikakwaruza kuta za chemba, na moto ulipolipanua ganda ikaling'ang'aniza. Tangu siku ile sijaacha risasi kwenye ngozi hata usiku mmoja. Zinakaa kwenye boksi lake, na zile tano za kutembea nazo zinakaa kwenye mfuko wa turubai, zimepanguswa kwa kitambaa kikavu.

Lakini kosa la mkanda lilikuwa nusu ya jambo. Nusu nyingine ilikuwa ile kucha.

Mwaka 1898 jeshi la Ujerumani lilipokea bunduki ya Paul Mauser wa Oberndorf, na baada ya zaidi ya miaka mia na ishirini bado watu wanaiiga. Ubavuni mwa komeo lake kuna kipande kirefu cha chuma chenye kucha pana mbele. Komeo linapozunguka, kipande hicho hakizunguki. Na hapa ndipo penye akili yake: risasi inapopanda kutoka magazini, kile kisanduku cha akiba ya risasi, ukingo wa kitako chake huteleza chini ya kucha kabla haijaingia kwenye chemba. Maana yake tangu inapoiacha magazini imeshikwa. Ukibadili nia katikati ukavuta nyuma, inarudi nawe. Ukiwa umeinamisha bunduki, umelala chini, unakimbia, imeshikwa. Na kucha ile ni pana, inashika sehemu kubwa ya ukingo, kwa hiyo ganda lililogoma huvutwa kwa nguvu zote za mkono wako.

Bunduki nyingi za kisasa hufanya vingine. Komeo husukuma tu risasi kutoka nyuma, na risasi inakuwa huru mpaka itakapofika mwisho na komeo kushushwa. Ndipo kucha ndogo, iliyofichwa kwenye kikombe cha uso wa komeo, inaruka na kushika. Remington Model 700, iliyotoka 1962, ndiyo inayojulikana zaidi kwa mtindo huu. Siitukani. Kikombe kile cha chuma hukizunguka kitako cha risasi chote na kumlinda mpigaji vizuri sana fataki, kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti, ikipasuka, ni rahisi kutengeneza, na bunduki hizo hupiga shabaha ajabu. Winchester nayo ilikuwa na Model 70 yenye kucha ndefu tangu 1936, ikaacha mtindo huo 1964 ili kupunguza gharama, na wawindaji wakalalamika kiasi kwamba hadi leo zile za kabla ya 1964 zinatafutwa kwa bei ya juu. Kampuni ilirudisha kucha ndefu miaka ya 1990. Malalamiko ya watu wa porini yalisikika, hata kama yalichelewa.

Kwetu Mauser ina historia ya karibu zaidi. Kiwanda cha FN cha Herstal, kule Ubelgiji, kilianzishwa 1889 kwa kazi moja: kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Baada ya Vita vya Pili kiliunda bunduki nzuri sana za kuwinda kwenye umbo la Mauser 98, na ndizo wazee wetu wengi waliziona mikononi mwa Wabelgiji na baadaye wakazinunua. Kutoka kusini zilikuja za Waingereza. Reli iliufikia mji huu mwaka 1910 kutokea Rhodesia, kabla ya kuunganishwa na bandari yoyote ya magharibi, na hata leo ukivuka mpaka kwenda Zambia unasikia wazee wakizungumzia bunduki ya .303 kama sisi tunavyozungumzia FN.

Miaka michache iliyopita nilitaka kujua mwenyewe, nikiacha hadithi za wazee pembeni. Mwezi wa nane, kwenye shamba la rafiki upande wa Kipushi, nilikusanya bunduki tano, kila moja na mwenyewe amesimama hapo: FN ya Mjomba ya risasi za 9.3x62, CZ 550 ya risasi za .375, Lee-Enfield ya .303, Tikka T3, na nyingine ya kisasa ya mtindo wa kusukuma ambayo nayo nitaiacha bila jina. Tulitumia risasi za mazoezi zisizo na baruti wala fataki. Kwanza tuliendesha kila komeo kama mtu mwenye hofu: nusu safari, kusimama, kurudi nyuma, kusukuma tena. Kwenye zile za kusukuma, jambo hili lina matokeo yake: risasi ya kwanza inabaki mbele, imelala huru, na ya pili inapanda na kuigonga kwa nyuma. Umekwama, na inabidi kutoa magazini au kutikisa bunduki. FN na CZ zilirudi na risasi ileile na kuitupa nje. Kuna jambo ambalo nililiona vizuri siku ile: kitupio cha Mauser ni kipande cha chuma kilichosimama mahali pake, hakirushi ganda kwa springi kama vile vya kisasa. Ukivuta polepole, ganda linaangukia miguuni pako. Ukivuta kwa nguvu, linaruka hatua tatu. Mkono wako ndio springi yake.

Kisha vumbi. Tulichimba udongo wa kichuguu, ule mwekundu wanaofyatulia matofali, tukaukausha na kuuchekecha kama unga wa bukari, tukaupepea juu ya kila bunduki ikiwa imefungwa na imejaa, jinsi inavyokuwa nyuma ya gari kwenye barabara ya kiangazi. Nilidhani FN ingeongoza. Iliyoongoza ni Lee-Enfield. Komeo lake hufungia nyuma, karibu na mkono wako, kwa hiyo hakuna mifuko nyuma ya chemba ya kukusanya mchanga, na mzunguko wake ni mfupi. Liliendelea kuteleza kana kwamba tumelipaka mafuta. Udhaifu wake ni risasi zenyewe: .303 ina ukingo uliotokeza, na ukizipanga vibaya kwenye magazini, ukingo wa juu ukakaa nyuma ya ule wa chini, hazitoki. FN na CZ zilisaga meno, nikasikia mchanga ukilia ndani, lakini zilifunguka na kufunga kila mara. Tikka nayo ilifanya kazi bila shida. Magazini yake hupanga risasi mstari mmoja, kwa hiyo zinapanda zimenyooka. Mwenyewe alikiri kwamba yeye hutembea na magazini ya pili, kwa kuwa ile ni ya plastiki na huchomoka, na ikidondoka kwenye nyasi ndefu unabaki na bunduki ya risasi mojamoja.

Ile ya tano ilifungua na kufunga vizuri kabisa. Kilichogoma ni kifyatulio. Vumbi laini lilikuwa limeingia kwenye kijumba chake, likakutana na mafuta ambayo mwenyewe alikuwa amenyunyiza kwa wingi, likawa gundi. Alivuta, pini ikagonga, akafungua na kufunga, na kifyatulio hakikurudi mahali pake. Komeo likashuka bila kutega pini. Tulipolikung'uta kwa kiganja, kifyatulio kikarudi. Hapo nilinyamaza muda mrefu. Kifyatulio kisichorudi leo kinaweza kesho kurudi nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoua mtu aliye mbele yako kwenye njia ya nyayo.

Watu hulipita jambo hili haraka. Vifyatulio vya kisasa ni vitamu, vyepesi, na vimefungiwa kwenye vijumba vidogo vyenye vipande vinavyogusana kwa upana wa unywele. Chochote kinachoingia humo ni hatari. Mwaka 2014 Remington yenyewe iliitisha kurudishwa kwa bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunda ingeweza, katika hali fulani, kuifanya bunduki ijifyatue. Gundi kidogo tu. Kifyatulio cha kijeshi cha Mauser ni kizito na kinavutwa kwa hatua mbili, lakini kiko wazi, vipande vyake ni vikubwa, na ukikiosha kwa petroli kidogo unaona kila kitu kwa macho yako. Kwa nchi ya vumbi hili nachagua uzito huo. Hata kile cha CZ 550 nina neno nacho: kinaweza kusukumwa mbele ili kiwe chepesi sana, na mimi huwaambia wenye nayo wasikiguse hivyo porini, moyo unapodunda.

Mauser pia ina mambo yake. Ukiangusha risasi moja kwa moja kwenye chemba na kulisukuma komeo, kucha ile inalazimika kuruka juu ya ukingo, na nyingi hazikuundwa kwa hilo, unaweza kuivunja. Mjomba alinifundisha kuibonyeza risasi ndani ya magazini kwa kidole gumba, hata ikiwa ni moja tu, hata nikiwa na haraka. Kiwiko cha usalama cha zamani, kile bawa linalosimama juu ya mkia wa komeo, hugongana na darubini iliyofungwa chini. Kwa hiyo FN ya Mjomba haina darubini hadi leo, ina shabaha za chuma, na katika pori letu la miombo, ambamo mnyama humwoni mpaka awe karibu, sijaona akipungukiwa.

Anachokifurahia zaidi ni kwamba komeo lake anaweza kulifungua lote bila chombo chochote. Nimemtazama mara nyingi sana kwenye kibaraza chake kule Katuba. Anasimamisha bawa la usalama katikati, anavuta kile kitasa kidogo cha kushoto, komeo linatoka mikononi mwake. Anabonyeza kitufe, anazungusha mkia, na pini yote na springi yake inatoka mzima. Anaipangusa kwa kitambaa cha zamani cha shati. Mafuta anaweka tone moja kwenye kidole, kisha anapaka kidole kwenye chuma, kisha anafuta tena. Kiangazi anafuta hata hilo. Akiwa amepiga risasi za zamani, zile ambazo fataki zake huacha chumvi ndani ya mtutu, hakimbilii mafuta kwanza. Anachemsha maji, anayamimina kwa faneli kutoka upande wa chemba, na mvuke unatoka mdomo wa mtutu kama buli. Chumvi huyeyuka kwenye maji; mafuta huifunika tu, ikaendelea kula chuma chini yake. Nimeona mitutu ya watu waliopaka mafuta mengi kwa upendo, ndani imeota kutu kama bomba la zamani.

Kuhusu ukubwa wa risasi sitakaa sana, ingawa ndipo watu wanapogombania. Ila umbo lake lina maana kwa jambo letu. 9.3x62 ilibuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, ikitoshea bunduki ya kawaida ya Mauser ili watu wa Afrika wapate silaha yenye nguvu bila kulipa bei ya bunduki kubwa za Kiingereza. .375 ya Holland & Holland ya 1912 ina mwili uliochongoka taratibu, kwa hiyo huteleza kuingia, na ikishalegea kidogo inatoka yote. Risasi zilizonyooka kama kopo hujaza baruti zaidi, lakini hukwaruza njia nzima. Joto nalo huongeza msukumo: boksi lililoachwa kwenye dashibodi mwezi wa kumi litakubania komeo siku ambayo risasi zilezile zingetoka vizuri alfajiri.

Na skrubu. Barabara yetu hulegeza kila kitu. Nilimwambia shemeji akague zile mbili za chini ya bunduki kila anapofika kambini, kabla hajafungua hata chakula. Kitako cha mbao kinywe mafuta ya kitani kabla ya mvua, la sivyo kitavimba na kusukuma mtutu pembeni.

Baada ya yote hayo alizima simu yake, akaniuliza ningenunua ipi mimi. Nikamwambia: CZ 550 ya mkono wa pili, ya 9.3x62, kama chemba ni safi na kucha haijalika. Ina kucha ndefu ya Mauser, ina usalama usiogombana na darubini, na haitamfilisi. FN ningeiweka juu yake kwa moyo, lakini nzima ni chache sasa. Na nikamwambia kwamba kabla ya kununua hata risasi moja ya kweli atafute kumi za mazoezi.

Alizipata. Alipopata na bunduki, jioni moja ya mwezi wa tisa tukaenda naye Katuba. Macho ya Mjomba yamefifia, mtoto wa jicho ameyashika yote mawili, na alikaa kwenye kiti chake cha plastiki ameelekea barabarani, mgongo kwetu. Shemeji alisimama kwenye ua, bunduki begani, akaelekea ukuta, akaanza: vuta, sukuma, shusha. Maganda yakaruka juu ya sementi. Watoto wa jirani wakawa wanahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, hadi sita ilienda vizuri. Ya saba mkono wake ulichoka kidogo, kiasi ambacho mimi niliyekuwa nimemkazia macho sikukiona, na ganda likadondoka karibu na kiatu chake.

Mjomba hakugeuka.

“Haikufika ku mwisho,” alisema. “Anza tena.”